Maswali ya Wasomaji: Kuzungumza sera ya tabianchi na mtu wa chama kingine

Barua nyingi tulizopokea zinazunguka jambo moja: sera ya tabianchi ikiguswa tu, watu wanagawanyika kwa vyama kabla hoja haijamalizika kusemwa. Tumechagua saba, na baadhi tumezifupisha.

Tuliandaa mkutano wa hadhara kueleza mpango wa kupunguza gesijoto. Mtaalamu alionyesha slaidi arobaini, grafu safi, takwimu za kuaminika. Mwishoni waliokuwa wakipinga walipinga zaidi, na waliokuwa wakiunga mkono wakashangilia. Tulikosea wapi?
*Katibu wa kikundi cha mazingira*

Ndugu Katibu, mlijibu swali ambalo hawakuuliza. Mtu anayepinga sera mara nyingi hana ugomvi na kipimajoto. Anachotaka kujua ni nani atalipa, nani ataamua, na kama hao wanaoamua wanaaminika. Slaidi arobaini za sayansi hazigusi hata moja kati ya hayo.

Tena takwimu zenyewe hazina nguvu tunayozipa. Dan Kahan na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2012 nchini Marekani ulioonyesha kwamba mgawanyiko kuhusu hatari za tabianchi ulikuwa mkubwa zaidi miongoni mwa wanaojua sayansi na hesabu vizuri, si miongoni mwa wasiojua. Mwenye uwezo wa kuchambua takwimu huutumia uwezo huohuo kuitetea kambi yake. Miaka miwili baadaye Troy Campbell na Aaron Kay walionyesha jambo la pili: wafuasi wa chama cha Republican waliosoma kuhusu suluhisho la kanuni za serikali walikuwa wazito kukubali makadirio ya joto kuliko wale waliosoma kuhusu suluhisho la soko huria. Makadirio yalikuwa yaleyale. Maana yake, mkihubiri sayansi kwa saa nzima kisha mkataja kodi dakika za mwisho, kodi hiyo inarudi nyuma na kuitia doa sayansi yote mliyoisema.

Mkutano wa dakika 90 unaweza kupangwa hivi. Wiki mbili kabla, mpigie simu mtu mmoja mmoja, watu sita hadi wanane mnaojua wanapinga, na umuulize kila mmoja swali moja: "Ni kitu gani katika mpango huu kitakugusa wewe kwanza?" Andika jibu kwa maneno yake. Majibu hayo ndiyo ajenda. Siku yenyewe, mtaalamu apewe dakika 10 na slaidi tatu: mpango unataka nini, unaanza lini, nani analipa kiasi gani. Dakika 35 zinazofuata ni za meza za watu sita hadi wanane waliochanganywa. Mzunguko wa kwanza kila mtu anasema wasiwasi wake kwa dakika mbili bila kukatizwa. Mzunguko wa pili anasema ni badiliko gani lingemfanya aweze kuishi na mpango huu hata kama haupendi. Dakika 25 ni za kujibu maswali yaliyoandikwa kwenye kadi. Dakika 15 za mwisho mwenye mamlaka anasema nini kitabadilishwa, nini hakitabadilishwa na kwa nini, na lini taarifa itatoka. Dakika tano zilizobaki zitaliwa na watu wanaotafuta viti.

Kinachoharibu mikutano hii zaidi ni kipaza sauti cha wazi. Wazungumzaji watatu wa kwanza ndio wanaoweka hali ya ukumbi, na mara nyingi ndio wenye hasira kuliko wote. Walio katikati hunyamaza na kurudi nyumbani wakiamini ukumbi mzima ulikuwa na hasira. Cha pili ni watu kukaa kichama. Toeni namba za meza mlangoni. Cha tatu ni mwandishi wa meza. Mtu akisema "hiyo bei ya mafuta itaniua, naendesha gari kilomita sitini kila siku kwenda kazini," mwandishi akaandika "wasiwasi wa kiuchumi," mtu huyo anaiona karatasi na anajua hakusikilizwa. Yaandikwe maneno yake, pamoja na kilomita zake.

Baba mkwe wangu anasema habari yote ya tabianchi ni kisingizio cha kuongeza kodi. Kila tukikutana tunaishia kununiana. Namheshimu na sitafuti kumshinda. Niseme nini?
*Mkwe*

Kwanza usiseme, uliza. Na uulize mkiwa wawili, si mezani mbele ya jamaa na si kwenye kundi la familia la simu, kwa sababu mbele ya watu kila mmoja anatetea uso wake. Omba ruhusa kabla: "Baba, naomba nikuulize kuhusu ule mpango, nataka tu kuelewa unavyouona."

Kisha tumia mizani ya 0 hadi 10. Ukiifuata, mazungumzo huenda karibu hivi:

"Baba, hiyo kodi ya mafuta ukiambiwa uipe alama, 0 mpaka 10, utaipa ngapi?"
"Mbili."
"Mbili? Nilidhani utasema sifuri. Hizo mbili umetoa za nini?"
"Moshi wa magari mjini ni mbaya, hilo silikatai. Lakini pesa zikishaingia serikalini hazionekani tena."
"Kwa hiyo tatizo lako si huo moshi, ni kutojulikana pesa zinakwenda wapi."
"Ndiyo hiyo."

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanalidaka neno "moshi" kama ushindi na kuanza mhadhara. Wewe baki kwenye pesa, maana ndiko alikokuelekeza: "Zingekuwa zinarudishwa zote kwa wananchi na hesabu inachapishwa kila mwaka, ungeona tofauti?" Akijibu ndiyo au hapana, tayari mnajadili muundo wa sera, si nani ni mjinga.

Tenganisha pia maswali mawili ambayo siasa imeyafunga pamoja: kama tatizo lipo, na kama kodi hii ndiyo dawa yake. Mwache abaki na upinzani wake dhidi ya kodi. "Tuseme kodi hii haifai kabisa, Baba. Wewe ungefanya nini badala yake?" Anayeipinga kodi anaweza kukubali viwango vya ubora wa magari, kufutwa kwa ruzuku za mafuta, vibali vya haraka vya njia za umeme, nishati ya nyuklia, au fedha za utafiti. Hizo zote ni sera za tabianchi.

Mazungumzo ya namna hii yamepimwa. David Broockman na Joshua Kalla walichapisha mwaka 2016 utafiti wa mazungumzo ya mlangoni ya takriban dakika 10, ya kuuliza na kusikiliza bila kulaumu, na mabadiliko yalionekana miezi mitatu baadaye. Mada yao ilikuwa chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, si tabianchi, kwa hiyo chukua mbinu na usitarajie matokeo yaleyale. Na jioni hiyohiyo usimtumie viungo vitano vya makala. Utakuwa umemwonyesha kwamba kusikiliza kwako kulikuwa mtego.

Tunaandaa kipeperushi kuhusu kodi ya kaboni ambayo mapato yake yanarudishwa kwa kaya. Wapinzani wameshaanza kusema "kodi nyingine tena". Tuandikeje?
*Afisa mawasiliano*

Anza na bei ya lita, na uiandike wewe kabla hawajaiandika wao. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita ya dizeli takriban kilo 2.7. Chukua kodi kwa tani ya hewa ukaa, zidisha kwa 0.0023 kwa petroli na 0.0027 kwa dizeli. Kodi ya 50 kwa tani, kwa sarafu yoyote, ni kama 0.115 kwa lita ya petroli na 0.135 kwa lita ya dizeli. Kipeperushi kinachozungumzia "tani" na "bei ya kaboni" bila kufika kwenye lita kinamwachia mpinzani kazi ya kutafsiri, na yeye atatafsiri anavyotaka.

Halafu marejesho. Tazameni Kanada, kwa sababu hakuna mahali palipofundisha somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2024 kodi ilikuwa dola 80 za Kanada kwa tani, sawa na senti 17.61 kwa lita ya petroli, na kila dereva aliiona kituoni. Takriban asilimia 90 ya mapato yalirudishwa kwa kaya. Lakini awali marejesho yalipitia kwenye ritani ya kodi ya mwaka. Ni Julai 2022 ndipo yalipoanza kuingia benki kila robo mwaka, tena chini ya jina lisiloeleweka, lililokuja kubadilishwa 2024. Utafiti uliochapishwa 2022 kuhusu Kanada na Uswisi ulikuta wapokeaji wengi hawajui kama wanapokea, au wanadhani wanapokea kidogo kuliko wanachopata. Uswisi marejesho hayo hutolewa kwa kupunguza bili ya bima ya afya, mahali ambapo hakuna anayetazamia habari njema. Tarehe 1 Aprili 2025 kodi hiyo kwa watumiaji wa kawaida iliondolewa Kanada, na aliyeiondoa ni serikali ya chama kilekile kilichoileta.

Maumivu ya kila wiki hayafutwi na faraja ya mara nne kwa mwaka isiyo na jina. Kwa hiyo safu mbili kwenye kipeperushi, "Unalipa" na "Unapokea", ziwe na herufi za ukubwa uleule, na kipindi kilekile. Msiandike malipo kwa lita na marejesho kwa mwaka. Yote yawe kwa mwezi. Andikeni maneno halisi yatakayotokea kwenye taarifa ya benki, herufi kwa herufi.

Wekeni mifano ya kaya tatu: isiyo na gari, yenye matumizi ya kati, na moja inayopata hasara. Ya tatu ndiyo wanayoogopa kuiweka, na ndiyo inayojenga imani. Anayesafiri umbali mrefu kila siku, au anayeishi kwenye nyumba kubwa inayovuja joto, atajua kwamba anapoteza. Asipojiona kwenye karatasi yenu atahitimisha kwamba mmemficha, na jirani yake aliyepata faida atamwamini yeye. Semeni: "Kaya kama hii itapungukiwa na kiasi hiki kwa mwezi," na chini yake mwandike ina msaada gani, kama upo.

Muwe waangalifu na wastani. Kanada ofisi ya bajeti ya bunge ilikuwa na hesabu za aina mbili: moja ililinganisha kodi na marejesho tu, nyingine iliongeza athari kwa mishahara na uwekezaji. Ya kwanza ilionyesha kaya nyingi zikipata zaidi ya zinacholipa, ya pili ilitoa picha mbaya zaidi, na kila kambi ikashika yake na kuipeperusha. Baadaye ofisi hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imejumuisha kimakosa athari za kodi ya viwandani, lakini wakati huo namba zilikuwa zimeshazunguka. Andikeni wazi ni hesabu ya aina gani mnayotumia na nini hakimo.

Na tarehe. Hili tunaliona zito kuliko mengine yote: fedha zitangulie, kodi ifuate. Ufaransa mwaka 2018 serikali ilipanga kuongeza senti 6.5 za yuro kwa lita ya dizeli kuanzia Januari 2019. Mwaka huohuo kodi ya utajiri ilikuwa imeondolewa na kubakizwa ya majengo pekee. Serikali iliona mambo mawili tofauti. Wananchi waliona hesabu moja. Novemba 17 waandamanaji wa vizibao vya njano walikuwa barabarani, na Desemba nyongeza ikafutwa. Ujerumani 2023 rasimu ya sheria ya mitambo ya kupasha joto nyumba ilivuja kwa magazeti mwishoni mwa Februari, kabla mpango wa ruzuku haujawa tayari. Ruzuku zilipokuja, hadi asilimia 70 kwa baadhi ya kaya, na sheria yenyewe ilipolegezwa, watu walikuwa wameshaamua maana yake. Wanasiasa hupenda kutangaza lengo kwanza kwa sababu lengo halina bili.

Uswisi inawapa ulinganisho ambao si rahisi kuupata kwingine. Juni 2021 wapiga kura walikataa sheria ya hewa ukaa kwa asilimia 51.6, ilikuwa na ada kwa tiketi za ndege na nafasi ya kupandisha bei ya mafuta. Juni 2023 walipitisha sheria ya tabianchi kwa asilimia 59.1, safari hii bila kodi mpya, na faranga bilioni 2 kwa miaka 10 kusaidia kubadilisha mitambo ya joto majumbani. Hatusemi kodi haiwezi kupita. Tunasema kipeperushi hakiwezi kurekebisha mpangilio mbovu wa sera. Mkiona fedha zinachelewa kuliko kodi, pelekeni tatizo hilo kwa waliowatuma kabla ya kwenda kwa mchapishaji.

Je, tuache kabisa kutaja tabianchi, tuzungumzie ajira na bei ya umeme tu?
*Mratibu wa mradi wa umeme wa upepo*

Inawezekana kwenda mbali bila kuitaja. Texas inaongoza majimbo yote ya Marekani kwa umeme wa upepo. Sheria ya 1999 iliyofungua njia ilisainiwa na Gavana George W. Bush, na njia kubwa za kusafirisha umeme kutoka magharibi mwa jimbo zilitokana na sheria ya 2005 chini ya Gavana Rick Perry. Hoja zilikuwa ushindani wa soko, malipo ya kukodisha ardhi kwa wenye mashamba, mapato ya shule za wilaya. Hakuna aliyetakiwa kula kiapo kuhusu joto la dunia.

Lakini msifiche. Taja faida iliyo ya kweli kwa msikilizaji huyo kwanza, kisha tabianchi kwa sentensi moja ya kawaida, na ukiulizwa waziwazi ujibu waziwazi. Uungwaji mkono uliojengwa juu ya bei pekee huondoka bei ikibadilika.

Hapohapo, msibishanie jina. Mwaka 2010 David Hardisty na wenzake walionyesha kwamba nyongeza ileile ya nauli iliwavutia zaidi Warepublican ilipoitwa fidia ya kaboni kuliko ilipoitwa kodi. Hiyo ni kwenye utafiti, ambako hakuna mpinzani anayepiga kampeni. Australia ilionja uhalisi wake: Waziri Mkuu Julia Gillard aliahidi kabla ya uchaguzi wa 2010 kwamba serikali yake haitaleta kodi ya kaboni, Julai 2012 ikaanza bei ya kaboni ya dola 23 za Australia kwa tani, na mjadala ukawa kama ni kodi au siyo, na kama alidanganya. Julai 2014 ilifutwa. Kikipandisha bei kwenye pampu, kiite vile atakavyokiita mwenye gari.

Kwenye kundi letu la simu kuna ujumbe unaosambaa: "Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa, haiwezi kubadilisha kitu." Nimekwama.
*Mwalimu*

Mwalimu, anza na ukweli, taja dai mara moja tu, eleza ujanja wake, rudi kwenye ukweli. Mfano wa ujumbe:

"Sehemu kubwa ya hewa, takriban asilimia 99 ikiwa kavu, ni naitrojeni na oksijeni, na gesi hizo mbili hupitisha joto linalotoka ardhini bila kulizuia. Anayelizuia ni mvuke wa maji, hewa ukaa na gesi chache nyingine. Namba 0.04 ni sahihi, lakini inaihesabu hewa ukaa pamoja na gesi ambazo hazifanyi kazi hiyo. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 kwa milioni. Sasa imepita 420, yaani imeongezeka kwa nusu."

Basi. Usiongeze kodi wala chama. Angalia kwamba umekubali namba yake ni sahihi, kwa sababu ni sahihi. Ukiikana utapoteza wote wanaoifahamu. Wala huhitaji kumshinda aliyeituma. Unawaandikia wanaosoma kimya, na wao ni wengi. Akijibu kwa kejeli, usijibu zaidi ya mara moja.

Tunatafuta mtu wa kuitetea sera yetu mbele ya wafuasi wa upinzani. Tumpate mwanasayansi mashuhuri au kiongozi wa chama chao?
*Diwani*

Mheshimiwa, kiongozi wa chama chao, kama anakubali kwa dhati. Na kama hakuna, mtu anayeheshimika kwa kazi nyingine: mhandisi wa gridi ya umeme, ofisa wa zimamoto, mkulima, mhasibu. Mwanasayansi afuate kujibu maswali ya kiufundi.

Historia inasaidia hapa, maana inaonyesha kwamba kambi hazikuwekwa na maumbile. Ronald Reagan, rais wa Marekani wa mrengo wa kulia, aliunga mkono Itifaki ya Montreal ya 1987 kuhusu tabaka la ozoni. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa mrengo huohuo, aliyesomea kemia, aliuhutubia Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi Novemba 1989. Kule British Columbia, jimbo la Kanada, kodi ya kaboni ililetwa Julai 2008 na serikali ya mrengo wa kulia wa wastani, ikianzia dola 10 kwa tani, na waliofanya kampeni ya kuifuta mwaka uliofuata walikuwa chama cha mrengo wa kushoto. Mifano hii mpe msemaji, lakini atumie mmoja tu. Mitatu inageuka darasa.

Msemaji aandike maneno yake mwenyewe. Mkimpa hotuba yenu, wafuasi wake watasikia lafudhi yenu ndani yake. Nembo ya chama chenu isionekane ukumbini. Mkiweza kupata wasemaji wawili wa vyama viwili, kila mmoja aseme pia jambo moja asilokubaliana na mwenzake kuhusu sera hiyo, la sivyo wataonekana wamenunuliwa.

Kinachodumu zaidi ya msemaji ni taasisi inayowapa wote mahali pa kugombania njia bila kuligusa lengo. Sheria ya Tabianchi ya Uingereza ya 2008 ilipitishwa na wabunge karibu wote. Waliopinga hawakufika kumi. Iliunda kamati huru ya ushauri na bajeti za kaboni, yaani vikomo vya gesijoto, za miaka mitano mitano, kwa hiyo vyama vilibishana kuhusu jinsi ya kufika. Hata hivyo mwaka 2025 chama cha Conservative, kilichokuwa kimeiunga mkono, kilitangaza kwamba kikirudi madarakani kitaifuta.

Mnaweza pia kuitisha jopo la wananchi waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kama lile la watu 99 la Ireland au lile la 150 la Ufaransa. Hapo hatari iko kwenye ahadi. Rais Emmanuel Macron aliwaambia washiriki kwamba mapendekezo yao yangepelekwa bila kuchujwa. Walitoa 149, matatu aliyakataa mara moja, na mengi mengine yalipunguzwa makali kabla ya sheria ya 2021. Diwani, kama baraza lenu litaamua baadaye lipi lichukuliwe, liseme hivyo siku ya kwanza, kwa maandishi, na litaje tarehe ya kujibu kila pendekezo kwa ndiyo, hapana, au ndiyo kwa sharti hili.

Tutajuaje kama mazungumzo yetu yamefaa, zaidi ya watu kutupigia makofi?
*Mwenyekiti wa jumuiya*

Makofi hayapimi kitu. Gaweni karatasi ya maswali matatu kabla ya kuanza na ileile mwishoni, bila majina, yenye namba tu ya kuoanisha. La kwanza: unaupa mpango huu alama ngapi, 0 hadi 10? La pili: eleza kwa sentensi moja hoja ya wanaopingana nawe, kwa namna ambayo wao wenyewe wangeikubali. La tatu: katika watu 10 wa eneo hili, unadhani wangapi wanaunga mkono?

La tatu ndilo mara nyingi husogea zaidi. Utafiti wa nchi 125 uliochapishwa 2024, wenye waliohojiwa karibu 130,000, ulikuta asilimia 69 wako tayari kuchangia asilimia moja ya kipato chao kila mwezi kwa ajili ya tabianchi, lakini walikadiria kwamba ni asilimia 43 tu ya wenzao walio tayari. Marekani, utafiti wa 2022 ulikuta sera kubwa za tabianchi zinaungwa mkono na asilimia 66 hadi 80, huku watu wakidhani ni 37 hadi 43. Kwa hiyo mkishakusanya karatasi, someni jibu halisi la ukumbi papo hapo, hata kama ni la chini kuliko mlivyotarajia.

Alama za swali la kwanza zikipanda kwa moja, msishangilie bado. Pigeni simu baada ya miezi mitatu na muulize tena, mkianza na wale waliotoa 3 hadi 6. Wa 0 na wa 10 si rahisi kusogezwa na mkutano mmoja. Na kama jibu la swali la pili limebaki "hawajali" au "wamehongwa" mwanzo na mwisho, rudini kwenye mpangilio wa meza. Yaelekea watu wa kambi moja walikaa pamoja.